Mbuzi za Ndinda Hazijachinjwa

Kilungu, 9 Februari 2024

Ndinda mwana wakwa,

Ni mimi Susu yako Kalekye, mama ya baba yako, ninaongea, na Kasyoka anaandika. Unamjua Kasyoka, yule fundi wa nguo wa Nunguni. Nimemchagua kwa sababu saa zote yuko na pini kwa mdomo, na mtu mwenye pini kwa mdomo hawezi kutangaza maneno ya watu. Sasa anacheka. Kasyoka usicheke, utameza.

Huku tumeamka wazima, Mungu ametuweka. Baba yako mdogo Nzau bado ule mguu ulikanyagwa na ng'ombe unamsumbua, lakini kula anakula. Ovakado zimezaa mpaka tawi la upande wa choo limevunjika. Wanunuzi wanakuja wanachagua zile kubwa peke yake, nikawaambia hata hizo ndogo ziko na mama. Kanisa limenunua spika mpya, sasa hata mimi na haya masikio yangu nasikia mahubiri nikiwa jikoni, na mchungaji ananiuliza kwa nini Jumapili zingine siendi.

Utauliza kwa nini sikupigii simu. Simu ni ya Nzau, na mimi sisikii mpaka aweke ile sauti ya kila mtu. Hii maneno nataka kusema si ya kusikika mpaka kwa wakata nyasi.

Krismasi ulikuja hapa siku tano. Mimi nililala na blanketi tatu, si unajua baridi ya huku. Wewe ulitupa yako chini, umelowa kama mtu ametoka mtoni. Asubuhi ukipanda pale kwa choo unashika magoti. Chai ikamwagika, ukalia. Chai, Ndinda! Na hukuniuliza pahali pa kuchoma vile vitu vya wasichana, na hata Novemba ulipokaa wiki mbili hukuniuliza. Nimezaa saba, macho yangu bado yako.

Mwana wakwa, uko na mimba na usione haya. Wewe ni mtu wa miaka ishirini na minane, si mtoto wa shule. Mutie wako ni kijana mzuri, hata kama kazi yake ya kuchimba visima inamfanya akae na matope kwa masikio. Kwa hivyo Jumapili tukitoka kanisani nilimshika mama yake mkono nikamwambia, "Mama Mutie, harakisheni ntheo, huyu msichana hangoji." Akaruka! Mwanamke mnene namna hiyo, akaruka juu.

Wataleta mbuzi tatu za ntheo tarehe tisa mwezi wa tatu. Moja ikichinjwa na wazee wakila, basi wewe ni bibi ya Mutie mbele ya kila mtu. Kunywa uji, na usibebe yale magunia ya chakula cha kuku hapo kwa agroveti.

Susu yako.


Kabati, 2 Machi 2024

Susu wangu mpendwa,

Nakuamkia wewe, baba mdogo, na Kasyoka pia. Huku Kabati jua ni kali, lakini kazi dukani inaendelea. Watu wananunua dawa ya kupe sana msimu huu.

Barua yako nimeipata leo. Ilikuwa imekaa ofisi ya mizigo Kitui wiki mbili, kwa sababu juu ya bahasha mliandika "Ndinda wa agroveti" bila namba ya simu.

Susu, sina mimba. Nimepima mara tatu. Sina.

Tafadhali wasilete mbuzi. Nimempigia baba mdogo sasa hivi nikamwambia wangoje. Akaniuliza, "Wangoje nini na watu wameshaalikwa?" Nilisikia watu nyuma yake wakicheka, nikakata simu. Mutie yuko upande wa Mutomo na mashine ya kuchimba, huko simu inashika akipanda mlima. Mwambie mama yake ulikosea. Kuhusu hayo mengine uliyoona, tutaongea siku nyingine.

Wako,
Ndinda


Kilungu, 20 Machi 2024

Ndinda,

Tunakusalimia. Nzau anakusalimia amenuna, nitakuambia kwa nini.

Barua yako imefika jana. Mbuzi zilifika tarehe tisa kama ilivyopangwa. Wazee wanane wakaja nazo, Muthama ndugu ya baba ya Mutie akiwa mbele na kofia yake. Dume moja kubwa na majike mawili. Moja iko na sikio limekatika. Ya pili ina kichwa kibaya, imeingia kwa Kasyoka ikala mkono wa blauzi ya watu. Kasyoka anasema niandike ni mikono miwili. Sawa, miwili.

Sasa sikia. Nzau alikuwa ameniambia ulipiga simu ukasema wangoje, na mimi nikajiuliza, huyu mtoto kwa nini anasema wangoje? Wazee walipotoa kisu nikasimama nikasema, "Hapana. Mimi niko kwa maombi ya siku arobaini, nyama haiingii kwa hii boma." Ndinda, sikuwa na maombi yoyote! Yalitoka tu kwa mdomo. Muthama akarudisha kisu. Akasema maombi yaheshimiwe, watarudi. Wakanywa chai wakaenda.

Kwa hivyo mbuzi ziko hapa, nzima, nazikatia majani. Kama haijachinjwa haijaliwa, na kama haijaliwa bado hujaolewa. Na mimi sasa siwezi kula nyama mpaka katikati ya mwezi wa nne, Pasaka itanipita nikitazama sukuma wiki. Nzau naye hali, ndio amenuna.

Lakini mama ya Mutie sijamwambia kitu. Nimwambie nini? Wewe unasema si mimba. Kama si mimba ni nini? Msichana mzima mwezi hauachi tu hivi hivi kama redio imeisha betri. Unaogopa nini kwangu? Mimi ndiye nilikulea baba yako alipokufa, nimekuona ukiwa na upele.

Niambie. Kasyoka ameapa na pini zake.

Susu.


Kabati, 14 Aprili 2024

Susu wangu,

Natumaini mvua haijawaharibia. Tumesikia udongo umeteremka barabarani huko kwenu. Hapa Kabati mto umejaa, na mabinti wa Muktar, mwenye duka la jirani, wamekaa siku mbili bila kwenda shule. Poleni na nyama. Nilicheka, halafu nikalia. Siku hizi naanza na kimoja namaliza na kingine.

Umesema nikuambie, basi nakuambia.

Mwezi wangu ulianza kuruka mwaka juzi. Agosti iliyopita ukaacha kabisa. Halafu likaja lile joto, linatoka kifuani linapanda usoni, hata nikiwa namhudumia mteja. Usiku nalowa. Magoti yanauma kama ya mtu mzee. Nilidhani ni mawazo, au ni kukonda. Mwezi wa kwanza nikaenda kwa daktari wa wanawake mjini Kitui, mama mmoja mpole. Alitoa damu, akaniambia nirudi baada ya wiki tano atoe tena, kwa sababu hawezi kusema neno zito kwa kipimo kimoja. Alipima pia tezi ya shingo, na mimba.

Susu, mwili wa mwanamke una kitu kinaitwa estrojeni. Kinatengenezwa na ovari, pale mayai yanapokaa. Ndicho huleta mwezi, lakini kazi yake si hiyo tu. Kinashika mifupa, kinasaidia moyo na usingizi, na joto la mwili. Wewe yako ilipungua ulipofika hamsini, ikawa kawaida. Yangu imepungua sasa. Daktari alisema kichwa changu kinatuma amri kwa nguvu sana, kama mtu anayegonga mlango akipiga kelele, na ndani hakuna anayeitika.

Nikamuuliza, "Sitazaa?" Hakunificha. Alisema wanawake wachache wa aina yangu, watano au kumi kwa mia, hushika mimba wenyewe bila kutarajia. Lakini nisiyapange maisha yangu nikiingoja.

Amenipa dawa ya kurudisha kile mwili umekosa, ninywe miaka mingi mpaka umri ambao ingepungua yenyewe. Anasema nisipokunywa mifupa itakuwa kama ya ajuza kabla sijafika arobaini. Bado sijaanza. Mwenzangu wa dukani aliona pakiti akasema, "Hizo si za kupanga uzazi? Na unataka kuolewa?" Daktari alinieleza si za hivyo, lakini maneno ya huyu yamenikaa. Pakiti iko kwenye droo.

Kuna kitu kimoja daktari anataka kujua. Mara nyingi sababu haijulikani, lakini wakati mwingine hii hali inatembea ndani ya ukoo, upande wa mama au wa baba. Aliniuliza kama kuna mwanamke kwetu aliyeacha kuona mwezi mapema, akiwa msichana bado. Nikasema nitamuuliza Susu. Je, yuko?

Mutie sijamwambia. Nipe muda.

Ndinda


Kilungu, 5 Mei 2024

Ndinda mwana wakwa,

Bwana asifiwe. Mvua imenyesha mpaka imechoka. Maharagwe ya chini yamekaa kwa maji, ya juu yako sawa. Ule udongo uliteremka ukabeba migomba ya Mwau ukaipanda kwa shamba la jirani ikiwa imesimama wima, sasa wanabishana ndizi ni za nani. Mchungaji ameitwa aamue. Amesema wagawane, na hakuna anayetaka kugawana. Nyama nimerudia kula, lakini si ile yako.

Mbuzi ziko sawa. Ile ya sikio ilikuwa inakohoa nikaipa chumvi.

Barua yako Kasyoka amenisomea mara tatu. Mara ya tatu akatoa pini zote kwa mdomo akaziweka kwa meza. Sijawahi kumwona bila pini, kumbe ako na mwanya.

Pole mwana wakwa. Pole sana. Sikujua kuna ugonjwa kama huo. Mimi nilidhani damu ni damu tu, inakuja na kwenda. Iko mizizi mama yangu alikuwa anachemsha, nitaitafuta. Na ule muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, na ukae kwa jua la asubuhi.

Wewe unauza dawa ya mbuzi siku nzima. Mtu akikuja mbuzi yake imeanguka, unamwambia aiweke kwa droo? Hapana. Basi.

Hiyo nyingine umeuliza, kama kwetu yuko mtu kama huyo. Hayuko. Wanawake wa kwetu wote wamezaa.

Muthama amepita hapa mara mbili kuuliza maombi yangu yaliisha lini. Nikamwambia nimeongeza mengine ya mvua. Mama ya Mutie ananitumia maziwa kila wiki, anasema ni ya mtoto. Nayapokea. Nitafanya nini? Tutaona.

Susu.


Kabati, 1 Juni 2024

Susu,

Salamu kwa wote.

Nimemwambia Mutie. Alirudi kutoka Mutomo Jumamosi, tukakaa kwenye benchi nje ya duka. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza. Alikuwa anakwangua matope kwenye buti na kijiti.

Halafu akasema, "Mama aliniambia mwezi wa pili kuwa kuna mtoto. Nilikuwa nangoja wewe uniambie mwenyewe."

Susu, muda wote huo alikuwa anajua. Miezi minne akinipigia simu kutoka juu ya mlima akiniuliza kama nimekula. Mimi nilidhani ananipenda tu.

Nikamwambia hakukuwa na mtoto, ni wewe ulikosea. Akasema anaweza kuniamini. Lakini alipompigia mama yake, mama alisema, "Susu yake ni mtu wa kanisa, hawezi kusema uongo. Kama mtoto alikuwepo na sasa hayupo, uliza alienda wapi."

Unaelewa anachosema? Anasema nimetoa mimba. Amewaambia na wanawake wengine wa kanisa. Dada yake Mutie amenitumia ujumbe, sitaki Kasyoka ausome, siuandiki hapa.

Ulipata barua yangu mwezi wa tatu ukajua sina mimba. Ukaendelea kunywa maziwa. Nilikuwa na ugonjwa ambao sikuuomba, sasa nina pia jina baya ambalo sikulifanyia kazi.

Nenda ukawaambie. Usipoenda sitakuandikia tena, na mbuzi urudishe.

Ndinda


Kilungu, 16 Julai 2024

Ndinda,

Kasyoka ameniambia nisianze na mvua wala mguu wa Nzau. Basi sianzi.

Nimeenda. Nilichelewa kwa sababu niliogopa, si kwa sababu ya kitu kingine. Mara mbili nilivaa kitambaa nikafika kwa mto nikarudi. Mara ya tatu Kasyoka akafunga cherehani akasema twende. Nilishika kamba ya mbuzi zote tatu, na ile ya kichwa kibaya ikatuvuta sisi wote wawili njia yote.

Mama Mutie alikuwa anachagua maharagwe kwa ungo. Akaona mbuzi, akaona uso wangu. Hakunipa kiti.

Nikasema, "Mama Mutie, nilikudanganya bila kujua, halafu nikakudanganya nikijua. Mtoto hakuwako. Hakuna siku alikuwako. Ndinda hajatoa kitu. Ni mimi niliona mwezi haupo nikafikiri ni mimba. Yeye akaniambia ukweli mwezi wa tatu, na mimi nikaogopa aibu, nikakunywa maziwa yako."

Akasema, "Mpaka juzi?"

"Mpaka Jumatano."

"Sasa mwezi umeenda wapi? Msichana hawezi kuacha tu."

Nikakaa chini kwa udongo, bila kuambiwa. Nikasema, "Anaweza. Dada yangu aliacha."

Mwana wakwa, sasa nakuambia wewe, kwa sababu uliniuliza kwa barua na mimi nikasema hayuko. Yuko. Jina lake ni Ndinda. Wewe nilikupa hilo jina mimi mwenyewe.

Dada yangu aliolewa Kaumoni akiwa na miaka kumi na tisa. Alipofika ishirini na sita mwezi ukakauka. Alikuwa anatoka kwa nyumba usiku anasimama kwa baridi na shuka moja, anasema kuna moto ndani. Watu wakasema ni kiapo mtu wa kwetu alikula zamani, kimemkamata yeye. Wakachinja, wakamnyunyizia, wakamnyoa. Hakuna mtu alimtoa damu akapima. Mume akachoka. Mwishowe dada akafanya ile ya zamani, akatoa mbuzi zake mwenyewe akaoa iweto, msichana wa kumzalia watoto wa jina lake. Watoto wanne. Alikuwa mama yao, wacha nisidanganye, walimpenda. Lakini alipofika miaka arobaini na moja alikunja mkono akiinua sufuria ya uji, mfupa ukavunjika kama kijiti cha kiberiti. Halafu mgongo. Halafu nyonga. Alikufa akiwa amepinda, ako mdogo kama mtoto wa darasa la pili. Na kwetu tukakubaliana tusiseme, watu wasiogope kuoa wasichana wetu.

Ndio maana Krismasi niliona unatupa blanketi nikashikilia kwa nguvu kwamba ni mimba. Moja kati ya hizo mbili ilikuwa lazima iwe, na mimi sikutaka ile nyingine.

Hayo yote nilimwambia Mama Mutie. Ungo ulikuwa kwa mapaja hachagui tena. Akasema, "Na mimi nimemsema mtoto wa watu mbele ya wanawake kumi na mbili."

Nikasema, "Basi tuko wawili."

Akasema, "Wewe ulimsema kwa mtu mmoja. Mimi ndio niko na safari ndefu."

Nikampa kamba nikasema mbuzi ni zake. Akakataa. "Zilitolewa na Mutie. Muulize yeye." Akanipa kiti mwishowe, na chai, lakini bila maziwa. Nilikunywa. Jumapili iliyofuata alisimama kwa kikao cha akina mama akasema alikusema vibaya na hakuwa na ukweli. Alisema mara moja tu na haraka, lakini wote walisikia, hata mimi na masikio yangu.

Kwa hivyo mwambie daktari: yuko, upande wa baba, dada ya nyanya, miaka ishirini na sita, na mifupa. Mwambie nilichelewa.

Unaweza kukasirika. Lakini ile dawa toa kwa droo. Mimi nilimwona mwenye hakuwa nayo.

Susu yako Kalekye.


Kabati, 18 Agosti 2024

Susu wangu,

Nawasalimia wote, na leo niambie mguu wa baba mdogo unaendeleaje.

Barua yako niliisoma dukani, nikafunga duka saa sita mchana, tajiri akija anifute. Nilikaa kwenye magunia. Nilikuwa nimekasirika mpaka ile sehemu ya sufuria. Hasira bado iko kidogo, sitakuficha. Lakini nilikuwa sijui nimebeba jina la nani.

Nilimpelekea daktari maneno yako yote. Aliyaandika. Alisema kuna kipimo kingine cha ukoo anachoweza kuagiza, na akanituma nikapigwe picha ya mifupa. Imepungua kidogo lakini haijafika pabaya. Ananitaka nitembee, nibebe vitu, nipate jua na maziwa. Kwa hivyo hayo magunia uliyonikataza, sasa nayabeba kwa amri ya daktari.

Dawa nilianza siku ile ile barua ilifika. Wiki mbili za kwanza kichwa kiliuma na matiti yakajaa, nikataka kuacha. Nikampigia daktari, akasema nivumilie. Wiki iliyopita nililala mpaka asubuhi bila kuamka. Niliamka nikashika shuka, kavu. Nikashika tena.

Mutie amekuja mara mbili. Mara ya kwanza aliomba msamaha kwa ajili ya dada yake. Mara ya pili aliomba kuona pakiti. Akasoma ile karatasi ya ndani yote, pande mbili, anavyosoma mambo ya mashine zake. Akaniuliza, "Ukisahau siku moja inakuwaje?" Hilo tu. Akaandika saa ya dawa kwenye simu yake.

Lakini Susu, usichinje bado. Sitaki kuolewa kwa sababu wazee wanadhani kuna mtoto, na sitaki kuolewa kwa huruma. Nimemwambia Mutie aende Kilungu mwenyewe, aseme mbele ya wazee wale wale wanane ni nini anajua kuhusu mimi. Wakisikia na bado wanataka kula, wale. Wasipotaka, mbuzi ziende nyumbani kwao na mimi nitabaki na kazi yangu na dawa yangu.

Alisema tu, "Hao wazee ni wagumu." Kisha akarudi Mutomo.

Ndinda


Kilungu, 30 Septemba 2024

Ndinda mwana wakwa,

Mguu wa Nzau umepona, amebaki kuchechemea akiambiwa alete kuni.

Mutie alikuja Jumamosi, buti zikiwa safi. Wazee wote wanane waliitwa, na mama yake, na wa kwetu. Mimi nilikaa kwa mlango wa jikoni pale ninasikia. Muthama akaanza, "Tumekuja kumaliza ile kazi ya mwezi wa tatu. Mtoto anaendeleaje?" Yeye hakuwa amesikia! Wanawake wote wa Kilungu wanajua na huyu mzee na kofia yake hajui kitu.

Mutie akasimama. Akasema, "Hakuna mtoto, na hakukuwa. Ndinda mwili wake umepunguza ile homoni ya wanawake mapema. Anakunywa dawa, na anaendelea vizuri. Huenda tusipate mtoto kabisa. Nimejua tangu mwezi wa tano."

Muthama akasema, "Sasa umetuita tule mbuzi ya nini?"

"Ya Ndinda. Nilileta mbuzi za Ndinda. Za mtoto sikuleta."

"Na jina la baba yako litabebwa na nani?"

"Sijui. Mimi bado nalibeba, na sijachoka."

Mzee mmoja akatoka nje kabisa, akasema hali mbuzi ya namna hiyo. Sitakuficha, alitoka na hakurudi. Wa pili akamfuata mpaka kwa lango, halafu akarudi akasema ametembea mbali na ana njaa. Muthama alikaa anageuza kofia. Mama Mutie ndiye alisema, "Mzee, mtoto wangu ameongea. Kama kisu kimekushinda, mpe Nzau."

Kofia ikarudi kwa kichwa. Akaomba kisu.

Ni dume lilichinjwa, saa saba mchana. Wamekula saba, si wanane. Umeolewa mwana wakwa, na kila mtu aliyekula anajua alikula nini. Majike mawili yamebaki, ni yangu sasa kwa desturi, na Kasyoka ameweka mlango kwa duka.

Nyama yako iko kwa hii kikapu, nimeikausha na chumvi, gari inatoka asubuhi. Namba yako ya simu tumeandika juu kubwa. Mutie anafika kwako Jumatano, mwachie upande wa mbavu. Ule kwanza, ndio unywe dawa.

Susu yako,
Kalekye